Kaburi lake lipo tayari, langu je?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka 61, mzaliwa wa Moshi vijijini, na nimeishi hapa Long Island, New York, kwa miaka 30 sasa. Mume wangu ana miaka 76. Yeye ni Myahudi, mimi ni Mlutheri. Tulifunga ndoa ya serikali mwaka 1995 na Mungu ametujalia watoto wawili, wa kiume miaka 28 na wa kike 25. Dini haikuwahi kutugombanisha. Krismasi alinisindikiza kanisani, na Pasaka yao ilipofika mimi ndiye niliyepika. Kijana wetu alifundishwa Kiebrania kwenye sinagogi ya mrengo wa Reformu, Wayahudi wasioshika sheria za jadi kwa ukali, akafanyiwa bar mitzvah, sherehe yao ya kijana kuhesabiwa mtu mzima katika dini. Binti alikataa, tukamwacha.

Sasa kansa ya kongosho imefika mwisho. Analala nyumbani, wauguzi wa hospisi, huduma ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, wanakuja kila siku mbili, na daktari anahesabu kwa wiki. Akili yake ni timamu kabisa, ila anachoka upesi.

Shida yangu ni kaburi. Baba mkwe, aliyekuja kutoka Poland, alikuwa mwanachama wa chama cha watu wa mji wao, na chama hicho kina eneo lake ndani ya makaburi ya Kiyahudi kule Queens. Alilipia makaburi manne: lake, la mama mkwe, la mume wangu na la wifi yangu. Wawili wa kwanza wameshalala. Wifi ni Myahudi wa Kiorthodoksi, anashika dini kwelikweli, na anasema kaburi la kaka yake lipo, hakuna mjadala. Nilipomuuliza mimi nitalala wapi alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwa upole, "Pale si kwa ajili yako, na si mimi niliyeweka sheria." Angefoka isingeniuma kama ulivyoniuma ule upole wake.

Binti anataka baba yake achomwe, nusu ya majivu ibaki hapa, nusu twende nayo Moshi. Wifi aliposikia hilo alikata simu. Kijana anataka makaburi ya sinagogi yetu. Amesikia huko wanapokea wanandoa wa dini mbili. Kaka yangu Moshi anasema nisihangaike, mimi nikifa nitarudi kihambani, kwenye ardhi ya ukoo wetu. Mzee mwenyewe nikimuuliza anatabasamu: "Nyinyi ndio mtakaokuja kunitembelea. Amueni." Usiku mmoja tu alinishika mkono akasema hataki kulala peke yake. Sikujua alimaanisha usiku ule au kaburini, na niliogopa kuuliza.

Halafu kuna watu wangu. Watanzania wenzangu hapa wameanza kuuliza siku ya kuaga mwili, maua, sare. Wifi anasema hakuna kuaga, hakuna maua, akifa leo anazikwa kesho. Dada zangu hata viza hawatapata kwa haraka hiyo. Nitaonekana nimemzika mume wangu kama mtu asiye na watu.

Nimekuwa nikipanga karatasi zake: bima, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, karatasi zake za jeshi za 1969 hadi 1971. Hati ya makaburi ya Queens siioni popote. Nifanye nini?

Mke wa Mzee, Long Island

*

Dada yangu,

Pole. Pole ya kuuguza, kazi isiyojua usiku wala mchana, na pole ya kulazimika kuzungumza habari za kaburi huku mwenyewe anapumua chumba cha pili.

Barua yako ina makaburi manne na kila moja lina msemaji wake: wifi ana la Queens, kijana ana la sinagogi, binti ana majivu, kaka yako ana kihamba. Mzee pekee ndiye hana upande. Lakini mzee amesema neno moja, ukaogopa kuliuliza maana yake. Ningekuwa karibu nawe ningekusihi uanzie hapo, tena asubuhi, kabla dawa hazijamlemea. "Unataka kuzikwa wapi" ameshalikwepa mara nyingi. Mrudishe kwenye usiku ule: ulisema hutaki kulala peke yako, ulikuwa unanitaja mimi? Ukilala na baba na mama, moyo wako utatulia? Mtu aliyechoka hujibu ndiyo au hapana kwa urahisi kuliko kueleza. Akisema tena "amueni", utakuwa umeuliza, na hutabaki miaka yote ukijiuliza.

Sasa wifi yako. Umemwandika kama mlango uliofungwa, nami nataka kukuonyesha kilicho nyuma ya mlango. Chama cha baba mkwe unakijua kwa jina letu: ni chama cha kufa na kuzikana. Wayahudi waliofika New York kutoka miji midogo ya Poland, Urusi na Romania walichanga senti zao, wakanunua eneo zima ndani ya makaburi makubwa, wakasimamisha lango la jiwe lenye jina la mji waliotoka na majina ya viongozi wa chama. Mingi ya miji hiyo haina Myahudi hata mmoja tangu Vita vya Pili vya Dunia. Lile eneo la Queens ndilo lililobaki la mji huo. Wewe wa Moshi utanielewa nikisema kile ni kihamba. Wifi yako amewekewa nafasi upande mmoja wa wazazi, kaka yake upande wa pili, na sasa anaiona nafasi ile inaweza kubaki tupu milele.

Na kwa kuwa tumetaja kihamba, hebu tulitazame na neno la kaka yako. Katika koo nyingi za Kichaga mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, si kwa baba yake. Kaka anakupenda na anakufungulia mlango, usiudharau. Ila usikubali haraka kwamba kurudi Moshi ndiyo mila na kubaki na mumeo ni uzungu. Kwa mila hiyohiyo, mahali pako ni alipo mumeo. Kinachobaki ni kujua wapi wataruhusu mila hiyo itimie, na hilo linahitaji simu na karatasi kuliko hisia.

Kwanza ujue unasimama wapi kisheria. Katika jimbo la New York anayeamua juu ya mwili ni yule ambaye marehemu alimteua kwa maandishi, kama hakuteua, ni mwenzi wa ndoa, kisha watoto wazima, kisha wazazi, ndugu wa marehemu wako nyuma yao. Kwa hiyo wifi hawezi kukupokonya uamuzi, hata akija na rabi kumi. Kuna fomu ya jimbo ya kumteua msimamizi wa mwili: mzee anajaza na kusaini mbele ya mashahidi wawili, na anayeteuliwa anasaini pia. Hata kama wewe tayari una haki, fomu hiyo ina nafasi ya kuandika matakwa yake, na maneno ya kaka yake mwenyewe yatamtuliza wifi kuliko haki yako ya sheria. Nguvu hiyo uitunze tu. Ukiitoa mezani siku ya kwanza, utapata kaburi na kupoteza shangazi wa watoto wako.

Pili, Queens. Usiende kwa neno la wifi peke yake, wala kwa neno la kijana. Piga simu ofisi ya makaburi, uwape jina la chama, jina la baba mkwe na mwaka aliozikwa. Wao wana ramani na kadi ya kila eneo: sehemu, mstari, namba ya kaburi. Waulize mambo matatu: makaburi mawili yaliyobaki yameandikwa kwa jina la nani, nani leo anasaini kibali kwa niaba ya chama, maana viongozi wengi wa vyama hivi wamekufa na muhuri umebaki kwa mjukuu fulani asiyejulikana aliko, na kanuni ya chama inasema nini juu ya mke asiye Myahudi. Iombe kwa maandishi. Wifi huenda ana haki kabisa, maana makaburi yanayofuata taratibu za Kiorthodoksi hayamzikii asiye Myahudi ndani ya eneo lao, hata mke. Lakini vyama vya namna hii havikuwa vyote vya washika dini. Vingine vilikuwa vya wafanyakazi wasiokanyaga sinagogi. Usifunge mlango kabla hujasoma kilichoandikwa. Tena kaburi kulipiwa na baba mkwe haina maana kwamba maziko yamelipiwa. Kufungua na kufunga kaburi kuna ada yake, Jumapili huwa na nyongeza, msingi wa jiwe una ada, na matunzo ya kila mwaka huenda yana deni la miaka. Deni hilo likijulikana saa tatu kabla ya maziko, watu hugombana langoni.

Ukikuta Queens hamna nafasi yako, ina maana mzee atalala na wazazi wake nawe utalala kwingine. Kwa baadhi ya wanawake hilo si msiba. Wamejipangia kurudi nyumbani. Kwa wengine ni jeraha la kila Jumapili wanapokwenda kutembelea kaburi. Wewe ni yupi, barua yako haisemi. Imeeleza vizuri anachotaka kila mtu isipokuwa wewe. Na kama unawaza kumzika pale kwa sasa kisha umhamishe baadaye mambo yakitulia, usijenge juu ya hilo. Sheria ya Kiyahudi inakataza kumfukua mtu isipokuwa kwa sababu chache, na jimbo linadai ridhaa ya makaburi, ya mwenye eneo na ya jamaa wa karibu, au amri ya mahakama.

Huenda pia mtu akakunong'oneza ubadili dini ili uingie. Sitakuambia uingie au usiingie, ila ujue Waorthodoksi huchukua muda mrefu kumpokea mtu, na hawatambui uongofu wa haraka uliofanywa kwa ajili ya shimo la ardhi.

Njia ya kijana wako ina msingi. Sinagogi nyingi za Reformu huruhusu mwenzi asiye Myahudi azikwe kando ya mumewe katika eneo lao. Baadhi ya za mrengo wa Konsavativu, ulio katikati ya Reformu na Orthodoksi, hutenga sehemu maalumu, imezungukwa na njia au ua wa miti. Talmud yenyewe, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, katika kitabu cha Gittin ukurasa 61a, inasema wafu wa mataifa huzikwa pamoja na wafu wa Israeli kwa ajili ya amani. Waorthodoksi wanalisoma neno "pamoja" kuwa ni kuwahudumia wafu hao, si kuwalaza mstari mmoja, na wengine wanalisoma kama lilivyo. Ubishi huo hautaumaliza wewe sebuleni.

Linalokuhusu ni mkataba. Mara nyingi eneo la sinagogi ni kipande ndani ya makaburi makubwa zaidi, kwa hiyo kuna kanuni za tabaka mbili, na ruhusa ya rabi haitoshi kama makaburi yenyewe yanakataa. Nunueni mawili kwa pamoja, na sharti la kwamba la pili ni lako, wewe Mlutheri, liandikwe ndani ya hati kwa jina lako. Sinagogi huungana, huuzwa, hubadilisha rabi. Neno la mdomo la rabi wa leo halimfungi wa kesho. Uliza pia siku yako itakuwaje: mchungaji wako ataruhusiwa kuomba kaburini? Msalaba utaruhusiwa kwenye jiwe? Mara nyingi jibu ni hapana kwa yote mawili, na familia hufanya ibada kamili kanisani kisha huenda makaburini kimya kimya. Kama hilo litakukera, heri ulijue sasa. Baba Ibrahimu alipotaka kumzika Sara katika nchi ya ugeni alikataa kupewa pango bure; alimpimia Efroni Mhiti shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote langoni. Alijua kaburi la kuombwa hugeuka.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, karatasi za jeshi za 1969 hadi 1971. Zitoe kwenye droo. Kama hakuachishwa kwa fedheha, mzee ana haki ya kuzikwa kwenye makaburi ya taifa ya wanajeshi, na wewe mkewe una haki hiyo pia, bila kujali dini. Serikali hutoa kaburi, kuchimba na kufukia, sanduku la zege la nje, jiwe na matunzo, bila malipo. Jeneza na nyumba ya mazishi mnalipa wenyewe. Kwenu Long Island yako ya Calverton. Jiwe lake linaweza kuwa na nyota ya Daudi, na jina lako litaandikwa kwenye jiwe hilohilo. Uliza mapema alama ya upande wako itakuwa wapi.

Hasara zake nazo uzijue. Kwa kawaida hawaziki wikendi. Makaburi ni ya mchanganyiko, jambo ambalo wifi atalipinga pengine kwa nguvu ileile. Na mume na mke mara nyingi huwekwa kaburi moja, mmoja juu ya mwingine. Rabi wengine hutaka kuwe na udongo wa kipimo cha viganja sita kati ya majeneza, kwa hiyo rabi wenu aulizwe kabla. Unaweza kuomba uthibitisho wa haki hii akiwa hai. Jibu likichelewa, nyumba ya mazishi itapiga simu yenyewe na ile karatasi ya kuachishwa jeshi mkononi.

Kuhusu binti, asionekane mkorofi. Anatafuta namna ya kumgawa baba ili kila upande upate. Ila moto ndio mlango utakaowafungia milango mingine: sheria ya Kiyahudi ya jadi inaukataza, makaburi ya Kiorthodoksi mengi hayapokei majivu, na Wareformu wanaoruhusu nao hawaupendelei. Kwa familia ambazo jamaa zao walichomwa kwenye kambi za Wanazi, neno lenyewe lina harufu. Ndiyo maana simu ilikatwa. Nahisi tangu siku ile wifi hapigani tena na wewe juu ya Queens. Anapigana na moto. Kama mmekwisha kuuacha moyoni, mwambieni waziwazi. Kama hamjauacha, angalau mjue uzito wake. Na Moshi inaweza kupelekewa kitu kingine: udongo wa kaburi, jina lake kwenye jiwe dogo la ukumbusho kihambani.

Sasa nikupe jambo ambalo huenda likalegeza kamba. Mengi anayoyadai wifi hayafungwi na ardhi. Kikundi cha waosha maiti, wao hukiita hevra kadisha, kinaweza kumhudumia mzee hata kama atazikwa kwingine. Wanaume huosha wanaume. Humwosha kwa heshima, hummiminia maji mfululizo kipimo cha zaidi ya lita 20, na tendo hilo huitwa tahara, neno ambalo watu wa pwani watalitambua. Humvika sanda nyeupe ya kitani au pamba isiyo na mifuko, na mwanamume huzungushiwa shali yake ya sala, kishada chake kimoja kikiwa kimekatwa. Jeneza ni la mbao tupu, bila misumari ya chuma, mara nyingi limetobolewa chini ili mwili uguse ardhi. Mtu hukesha naye akisoma Zaburi. Hakuna dawa ya kuhifadhi mwili. Ukimpa wifi haya yote na kumwomba asimamie mwenyewe, huenda ukakuta neno Queens limepungua sauti. Au lisipungue. Lakini utakuwa umempa kaka yake kwa namna anayoielewa.

Makaburi yanayodai sanduku la zege, waombeni lisilo na kitako, na jeneza mnaweza kulinunua popote. Kanuni ya Mazishi ya serikali ya Marekani, iliyoanza 1984, inailazimisha nyumba ya mazishi kukupa bei zake kwa simu, kukukabidhi orodha ya bei ukifika, na kupokea jeneza la nje bila kukutoza. Kanuni hiyo kwa kawaida haihusu makaburi. Na makaburi yanayomilikiwa na shirika la dini New York hayako chini ya bodi ya jimbo ya makaburi, kwa hiyo pale usalama wako ni risiti na hati.

Kijana wako ana jambo lake. Reformu tangu 1983 humhesabu mtoto wa baba Myahudi kuwa Myahudi kama amelelewa hivyo. Waorthodoksi hufuata mama. Kadishi, sala ambayo mfiwa humsomea marehemu wake, ikisomwa kaburini huhitaji Wayahudi wazima kumi, na kwa Waorthodoksi ni wanaume, na mwanao hatahesabiwa kati yao. Rabi mmoja atamwacha aitamke pamoja na wengine, mwingine atamzuia. Mkienda Queens, mpigie rabi siku nyingi kabla na umuulize wazi. Nisingependa ajue hilo akiwa amesimama na kitabu mkononi mbele ya kaburi la baba yake.

Na watu wako, dada. Haraka ya kuzika si dharau, na watu wa Tanga au Zanzibar wasingeishangaa. Isitoshe si lazima iwe kesho yake: kungoja siku moja au mbili ili mtoto afike kunaruhusiwa, na Jumamosi na sikukuu zao hakuna maziko, kwa hiyo anayekufa Ijumaa jioni huzikwa Jumapili. Jeneza halifunguliwi mbele ya watu. Kuaga kufanyeni nyumbani. Akikata roho, mpigie muuguzi wa hospisi, si namba ya dharura, maana gari la dharura likija linakuja na vurugu. Muuguzi atathibitisha, na hakuna anayewafukuza. Kaeni naye saa mbili tatu, majirani waje, mwimbe wimbo mmoja, kisha ndipo nyumba ya mazishi iitwe. Dada zako wawe kwenye simu ya video.

Baada ya maziko kuna shiva, siku saba za watu kuja nyumbani na chakula kilichopikwa, mfiwa amekaa, hapiki wala hapokei wageni kwa vishindo. Hayo ni matanga. Watanzania wenzako hawahitaji kufundishwa. Waambie pesa ya maua na sare iingie kwenye ada ya kaburi na jiwe; wifi akija, mwekee chakula cha kosher, yaani halali kwa sheria ya Kiyahudi, kikiwa bado kimefungwa. Kisha jiwe: kwa desturi ya Marekani hufunuliwa ndani ya mwaka, na tarehe mnaipanga wenyewe. Dada zako waombe viza kwa siku ile, wakiwa na barua na muda wa kutosha. Sare ivaliwe siku hiyo, na ibada ya kumbukumbu kanisani kwako ifuate mchana wake.

Hifadhi ya jamii itakupa wewe mjane dola 255 za mara moja, kiasi ambacho hakitoshi hata kuchimba, lakini ni haki yako, idai. Nakala za cheti cha kifo zilizothibitishwa agiza nyingi kupitia nyumba ya mazishi, kwa kuwa benki, bima na pensheni kila mmoja hutaka yake.

Jambo la mwisho ni dogo na lina saa yake. Rabi yeyote, wa upande wowote, na mchonga jiwe pia, atakuuliza jina la mzee la Kiebrania, jina la Kiebrania la baba yake, na kama wao ni wa ukoo wa makuhani au Walawi. Kwenye jiwe la baba mkwe kule Queens huenda limeandikwa, na wifi bila shaka analijua. Lakini muulize mzee mwenyewe akiamka, uandike anavyolitamka.